Je, Kungoja Kwetu ni Saburi?



Tangu utoto wetu tumefundishwa kwamba subira huvuta heri, na kwamba haraka haraka haina baraka. Mafundisho haya ni mema, nami nimeyasema mara nyingi mimbarani na penye vitanda vya wagonjwa. Lakini wazee waliotuachia maneno hayo walituachia na lingine, ya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi mwenye busara si yule ajuaye mithali moja na kuitumia kila siku, bali yule atambuaye ni siku ipi ya mithali ipi. Mwezi huu nataka tutafakari pamoja juu ya jambo ambalo ndani yake nimeona watu wema, nami nikiwa mmoja wao, wakiishika mithali isiyo ya siku ile: yaani kijana wa nyumbani anaporukwa na akili kwa mara ya kwanza.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, maana haifai mtu kuwaonyesha wenzake shimo bila kuungama kwamba yeye amekwisha kutumbukia ndani yake. Miaka kadhaa iliyopita, katika usharika niliokuwa nikiutumikia, alikuwako kijana wa miaka 19, mwana wa mzee mmoja wa kanisa. Alikuwa mwanafunzi mwenye bidii, tena mwimbaji wa sauti ya chini katika kwaya yetu. Wakati wa kupanda mahindi alianza kukosa usingizi. Akaacha kwaya pasipo kutoa sababu. Akaacha kula pamoja na nduguze, akisema kwamba chakula kimetiwa kitu. Hata usiku mmoja akamwambia baba yake kwamba mabati ya nyumba yanalitaja jina lake na kumtukana.

Baba yake alikuja kwangu usiku uleule, amejifunika blanketi kichwani ili majirani wasimtambue. Nilimsikiliza, nikaomba pamoja naye, kisha nikamwambia, "Mzee wangu, tusifanye haraka. Huyu ni kijana, na mambo haya hupita. Tuendelee kuomba, tungoje." Naye akanishukuru, akaenda zake akiwa amefarijika. Nami nikalala vizuri.

Tulingoja tangu kupanda hata kuvuna, miezi mitano. Kijana alizidi kukonda, akawa akisemezana na watu tusiowaona, hata usiku mmoja wa baridi akatoka mbio bila nguo, wakamkuta alfajiri kando ya mto akitetemeka. Ndipo shangazi yake, mjane asiyejua kusoma, akajifunga khanga yake, akampandisha basi, akampeleka hospitali ya wilaya. Aliporudi alipita kwangu. Hakunilaumu kwa maneno mengi. Aliniuliza jambo moja tu: "Baba Mchungaji, kama mtoto huyu angalishikwa na malaria, ungalituambia tungoje mavuno?"

Sikuwa na jibu. Maneno haya ninayoyaandika ndiyo jibu langu, nalo limechelewa.

Swali lenyewe ni hili: Je, kungoja kwa namna ile ni saburi, au ni kitu kingine kilichovaa vazi la saburi? Mimi naona kwamba saburi ya kweli ina alama moja, nayo ni hii, kwamba mwenye saburi ndiye abebaye mzigo wa kungoja. Mkulima angojaye mvua, njaa itamshika yeye mwenyewe. Mama amngojaye mwanawe aliye mbali, moyo wake mwenyewe ndio unaoumia. Lakini katika miezi ile mitano, ni nani aliyelipa gharama? Si mimi, maana nililala. Aliyelipa ni yule kijana aliyekesha usiku baada ya usiku akitukanwa na mabati. Kungoja kwa mtu mmoja kunakolipwa na mwingine hakuwezi kuitwa saburi. Ni kama mdaiwa akawiaye kulipa, kisha akajisifu mbele ya mdai wake kwamba yeye ni mtu wa subira.

Huenda msomaji atasema, "Lakini je, kukawia kunadhuru kweli? Mbona wengine hupona wenyewe?" Ni swali la haki, nalo halijibiwi kwa huruma peke yake. Tuangalie basi yaliyokwisha kujulikana.

Hali hii matabibu huiita saikosisi, yaani akili kupoteza mpaka kati ya yaliyopo na yasiyokuwapo. Mtu husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, hudhani kwamba anawindwa, au maneno yake hukosa mfuatano. Mara nyingi huanza katika ujana, kati ya miaka 15 na 30 hivi, wakati uleule ambapo mtu anajenga maisha yake. Sababu yake si moja. Kwa wengine ni malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo, au kifafa, au kaswende, au virusi vya UKIMWI. Kwa wengine ni bangi au pombe. Mama aliyetoka kujifungua naye aweza kupatwa. Kwa wengine ni ugonjwa wa akili wenyewe, ambao kwa sehemu hufuata ukoo, na kwa sehemu huchochewa na dhiki za maisha. Hakuna awezaye kuzitenga sababu hizi kwa kutazama uso wa mgonjwa, awe mchungaji, mganga, au mzazi. Sharti apimwe. Nayo baadhi ya magonjwa niliyoyataja huweza kuua katika siku chache, hali dawa yake ipo. Hii ni sababu ya kwanza ya kufanya haraka, na kama isingalikuwako nyingine, hii ingalitosha.

Sababu ya pili tumeonyeshwa na ndugu wa Norwei. Katika jimbo la Rogaland, ambalo mji wake mkuu ni Stavanger, matabibu waliona kwamba vijana walifikishwa kwao wakiwa wamekwisha kuugua muda mrefu mno. Basi kuanzia mwaka wa 1997 walifanya mambo mawili. Kwanza, waliweka vikundi vya watumishi wa afya ambao mtu yeyote, awe mzazi, mwalimu au rafiki, aliweza kuwapigia simu, nao wakamwona mgonjwa katika muda wa saa 24. Pili, waliwafundisha watu wote dalili za ugonjwa huu, kwa magazeti, kwa redio, kwa vijitabu vilivyopelekwa majumbani, na kwa mafundisho ya walimu mashuleni. Huko muda wa kuugua bila tiba, kwa mgonjwa wa katikati, ukawa majuma 5 tu. Na katika sehemu nyingine za Norwei na Denmaki walizozilinganisha ulikuwa majuma 16.

Baada ya miaka 10 waliwafuatia wagonjwa walewale. Katika sehemu iliyofanya haraka, karibu 31 katika kila 100 waliofuatiliwa walikuwa wamepona hata wakajitegemea. Katika sehemu zilizokawia walikuwa 15. Sisemi kwamba haraka huponya wote. Hesabu hizo zenyewe zakataa, kwa kuwa wengi walikuwa bado wana shida. Lakini mwenye kudharau tofauti ya 31 na 15 na amtafute baba wa mmoja wa wale walio kati ya hesabu hizo mbili, amwambie ya kuwa ni kitu kidogo.

Tena liko jambo katika habari hiyo lililonigusa kuliko hesabu ya wagonjwa. Baadaye mafundisho kwa watu wote yalikomeshwa, ingawa vikundi vile vya afya viliendelea na kazi yao. Muda wa kukawia ukarudi kupanda, kutoka majuma 5 hata majuma 15. Msaada ulikuwapo kama kwanza, na simu ilikuwapo. Kilichopungua ni neno lililosemwa hadharani. Ndugu walimu na wainjilisti, nadhani mmekwisha kuona jambo hili linatuelekea sisi. Daktari hawezi kumtibu asiyeletwa kwake. Na ni nani aketiye jikoni kwa watu, na kuitwa usiku, na kuulizwa, "Tufanye nini?" kabla ya daktari kuulizwa? Ni sisi. Kwa hiyo neno letu la kwanza laweza kuwa njia ya kufikia tiba, au laweza kuwa ukuta.

Basi kwa nini tunakawia? Nimesikia sababu tatu, nazo zote zastahili kujibiwa kwa heshima, maana hazitoki katika ubaya.

Ya kwanza ni jina. Wazazi husema, "Akionekana hospitali ya wagonjwa wa akili, ni nani atakayempa binti yake? Ni nani atakayemwajiri?" Hofu hii si ya kubuni. Nimewajua watu waliokwisha kupona, lakini kijiji kikakataa kuwaita kwa jina jingine ila lile la siku zao mbaya. Walakini na tufikiri vema: kuficha kunalinda jina kwa muda gani? Mficha maradhi kilio humfichua. Yule kijana wetu alifichwa miezi mitano, kisha akaonekana bila nguo na wote waliokwenda kuteka maji. Kama angalipelekwa katika juma la kwanza, angalikwenda amevaa shati lake, amekaa kwenye kiti cha basi kama abiria wengine. Tena aibu hii si mali ya mgonjwa. Sisi ndio tulioifanya, kwa mizaha yetu na kwa majina tuyatoayo, na sisi ndio tuwezao kuiondoa. Wazee wetu walikwisha kutuonyesha njia. Katika milima ya Usambara iko hospitali ya Lutindi, ambayo ilianza mwaka wa 1896 kuwa nyumba ya watoto waliookolewa utumwani, na tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20 imekuwa nyumba ya wagonjwa wa akili. Wenye kuianzisha hawakuona haya kuwakaribisha watu hao. Sisi tuone haya kwa nini?

Ya pili ni imani. Wako wasemao, "Huyu ana pepo; kumpeleka hospitali ni kumwonyesha Mungu kwamba hatumtegemei." Mimi ni mchungaji, wala sitaandika neno la kupunguza maombi. Lakini Martin Luther, mwaka wa 1527, alipoulizwa kama Mkristo aweza kuukimbia ugonjwa wa tauni, alijibu kwa waraka, na humo akafundisha kwamba kuomba na kutumia dawa ni mambo yaendayo pamoja, na ya kwamba azidharauye dawa anamjaribu Mungu. Tazameni pia habari ya yule mtu aliyekaa makaburini. Watu wa mji wake walikuwa wamemfunga kwa minyororo, kisha wakamwacha. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia yao ya kungoja. Bwana hakumwahirisha. Wala baada ya kumponya hakumchukua awe kama ushuhuda wa kutembezwa, bali alimrudisha nyumbani kwa watu wake. Basi na tuombe njiani kwenda hospitali, na tuombe benchini tukingoja zamu. Maombi yanayomzuia mgonjwa asifike kwa tabibu, je, yanamtumikia mgonjwa, au yanatumikia sifa ya mwombaji?

Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: mgonjwa mwenyewe hataki. Yeye haoni kwamba anaumwa. Kwake yeye sauti zile ni kweli kama sauti yangu. Je, ni haki kumpeleka mtu mahali asipopataka? Hapa sitajifanya kuwa na jibu jepesi. Uhuru wa mtu ni kitu kikubwa, na wengi wamenyang'anywa kwa kisingizio cha kusaidiwa. Mwaka wa 2020 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watu wenye magonjwa ya akili wanaofungwa minyororo katika nchi zipatazo 60, na wengine wao wamefungwa na jamaa zao wenyewe, na katika nyumba za maombi. Kwa hiyo nasema wazi kwamba kamba si haraka ya upendo. Kamba mara nyingi ni matunda ya kukawia, maana asiyesemezwa mapema kwa upole hufika siku ambayo watu hudhani upole haufai tena.

Uko udanganyifu nao. Jamaa humwambia, "Twende sokoni," kisha wakampeleka hospitali. Nia yao ni njema, lakini wamemdanganya mtu ambaye ugonjwa wake wote ni kudhani kwamba watu wanamdanganya. Wamempa ushahidi. Na imani ile waliyoivunja kwa siku moja wataihitaji kwa miaka mingi. Shangazi yule niliyemtaja hakumwambia mpwa wake kwamba ana wazimu, wala hakubishana naye juu ya mabati. Alimwambia, "Mwanangu, huna usingizi tangu lini? Unateseka. Twende tukatafute dawa ya usingizi, nami sitakuacha." Naye akaenda. Mtu aweza kukataa kwamba anaumwa akili, lakini akakubali kwamba hana usingizi, na kwamba anaogopa. Tuanzie pale anapokubali. Wengi, wakisemezwa hivi katika majuma ya kwanza, huenda. Na ikiwa iko hatari ya kweli, ya kujidhuru au kumdhuru mwingine, au ikiwa amekataa kula na kunywa, basi na waitwe wenye ujuzi na mamlaka ya sheria, wala tusijifanye mahakama.

Sasa natoka katika haraka, nageukia saburi yenyewe; maana sikuandika ili kuitukana.

Kijana wetu alipewa dawa. Tangu mwaka wa 1952, Jean Delay na Pierre Deniker walipoanza kutangaza huko Paris matokeo ya dawa iitwayo klopromazini, ziko dawa za kutuliza ugonjwa huu, na zimeongezeka. Baada ya majuma matatu alilala. Baada ya miezi miwili akarudi nyumbani, akanisalimu kwa jina. Tulifanya ibada ya shukrani, tukachinja mbuzi. Hapo ndipo tulipotenda kosa la pili. Mmoja wetu alisema kwamba aliyeponywa hana haja ya vidonge, nasi hatukumpinga. Tena dawa zile zilimtetemesha mikono na kumkaza shingo, nasi hatukumwambia kwamba tabibu aweza kuzipunguza au kumbadilishia. Akaacha. Kabla ya mwaka kwisha mabati yakaanza kunena tena.

Angalieni, ndugu. Mwanzoni, palipotakiwa haraka, tulikuwa na saburi ya miezi mitano. Baadaye, palipotakiwa saburi ya miaka, tulimtaka apone kwa mbuzi mmoja. Saburi tulikuwa nayo, ila tuliiweka mahali pasipo pake.

Matabibu hushauri kwamba mtu aliyepata nafuu mara ya kwanza aendelee na dawa angalau mwaka mmoja, wala asiziache pasipo kushauriana nao. Lakini dawa ni sehemu tu ya kazi. Marekani, katika kliniki 34 za majimbo 21, watu 404 walifuatiliwa kwa miaka miwili, na habari zao zikatangazwa mwaka wa 2015. Baadhi ya kliniki ziliwapa wagonjwa mambo manne pamoja: dawa kwa kipimo cha uangalifu, mazungumzo ya faragha na mshauri, mafundisho kwa jamaa, na msaada wa kurudi shuleni au kazini. Waliopata yote manne waliendelea vizuri kuliko waliopata matibabu ya kawaida, na hasa wale ambao hawakuwa wamekawia sana kabla ya tiba. Katika mambo hayo manne, moja tu liko chupani. Mengine hufanywa na watu: kuketi naye, kujifunza pamoja na jamaa zake, kumtafutia kazi aiwezayo. Msamaria yule wa mfano alitia mafuta katika vidonda mara moja pale njiani, lakini pia alilipia nyumba ya wageni kwa siku zilizofuata, akaahidi kurudi. Pale njiani alifanya haraka, na katika nyumba ya wageni hakumkimbiza mgonjwa. Sisi tuligeuza utaratibu wake.

Mara ya pili tulijifunza. Shangazi alishika hesabu ya vidonge. Fundi mmoja wa baiskeli alimchukua kijana kama mwanafunzi, akakubali afike saa nne asubuhi kwa sababu dawa humlaza. Baba yake aliacha kujifunika blanketi. Leo kijana ana banda lake la kutengeneza baiskeli, na siku za Jumapili sauti yake ya chini husikika tena. Shule hakurudi. Siwezi kusema kwa hakika kwamba miezi ile mitano ndiyo iliyomnyima shule. Lakini siwezi kusema kwamba siyo, nami nitalibeba neno hilo hata mwisho wa utumishi wangu.

Basi, mwalimu au mwinjilisti utakayeitwa usiku na mzazi aliyejifunika blanketi, nakusihi ukumbuke haya. Kijana akikosa usingizi siku nyingi, akajitenga, akaacha kazi au masomo, akawashuku watu wa nyumbani, au akasikia yasiyosikika, usimtie jina, wala usimwambie baba yake angoje. Omba pamoja nao, kisha uulize ni basi la saa ngapi liendalo hospitali. Ikiwezekana, panda nao. Na akirudi, usifunge kitabu baada ya ibada ya shukrani. Mtembelee mwezi wa pili, na wa sita, na mwaka wa tatu, hata wakati ambapo hakuna habari ya kusimulia. Hapo ndipo tutakapokuwa na nafasi ya kuonyesha saburi yetu yote, na gharama yake tutailipa sisi wenyewe.

Ndimi mtumishi mwenzenu.